Getruda na Simbilisi wa Dawa Nyekundu

Siku Xaveri alipomwona Getruda kwa mara ya kwanza, hakumwona uso. Aliona miguu miwili yenye soksi za rangi tofauti ikitokeza chini ya meza, na akasikia sauti ikigomba huko mvunguni.

"Toka, mheshimiwa! Kula unakula, kulala unalala, ukiitwa kazini unajificha. Toka nikuone!"

Xaveri akabaki mlangoni, kofia mkononi. Alikuwa ametoka Makambako kuja Njombe asubuhi ile na vizimba kumi na viwili vya mbao ya paini juu ya Canter, na dereva alikuwa nje anapiga honi. Akafikiri kuna kiongozi wa serikali amejificha kule chini, akataka kurudi kinyumenyume aje baadaye. Kabla hajageuka, mwanamke akatoka mvunguni, utando wa buibui kwenye nywele, mkononi ameshika simbilisi mnene wa rangi ya kahawa.

"Kamwene, fundi," alimsalimia kwa Kibena, kama vile walikuwa wameachana jana. "Nishikie huyu."

Xaveri akampokea.

"Usimshike hivyo, hatalipuka. Mshike kama mkate."

Akamshika kama mkate. Simbilisi akamkojolea kwenye koti. Mwanamke akacheka mpaka akakaa sakafuni, na Xaveri, ambaye mtu akimcheka huwa anataka ardhi ipasuke, alishangaa kujikuta anangoja acheke tena.

Tuseme kidogo huyu Xaveri alikuwa nani. Alikuwa na miaka arobaini na saba, darasa la saba, mseremala wa karakana ndogo nyuma ya stendi ya Makambako. Kazi yake ilisifiwa, maneno yake hayakusifiwa kwa sababu hayakuwapo. Kanisani alikuwa akiungama kwa sauti ndogo kiasi kwamba padri alimwomba arudie mara mbili, na ya pili ilisikika mpaka kwenye foleni. Tangu hapo alipunguza dhambi. Mke hakuwa naye. Wanawake wawili walimngoja aseme neno, wakachoka, wakaolewa na watu wanaosema.

Na Getruda? Getruda alizaliwa Mlangali, akalelewa na bibi yake, Teodora, katika jiko la nyasi ambamo simbilisi walikimbia kati ya mafiga kama watoto wa nyumba. Huko kila mtu anawajua wanyama hawa: hawana mkia, wanalia wii-wii wakisikia kisu kinakata majani, wanazaliana haraka, na siku mgeni akija wanapungua. Getruda alisoma mpaka bibi alipougua, akaacha shule. Alipika shuleni, akauza viazi, akafagia ofisi mjini Njombe. Mume alikuwa naye, akaenda kutafuta kazi, bila shaka bado anaitafuta. Alipofika miaka arobaini na moja alikuwa mfagiaji wa nyumba moja iliyopangwa na watafiti, pembeni mwa mji. Siku moja simbilisi saba walitoroka, wasomi watatu wakawakimbiza saa nzima bila kukamata hata mmoja. Getruda akaweka ufagio chini, akalia wii-wii kwa mdomo, akawakamata wote saba kwenye khanga. Kesho yake akapewa koti jeupe na daftari.

Lile daftari ndilo lilikuwa fahari yake. Kila sindano aliandika: saa, uzito, namba ya mnyama. Pembeni aliongeza ya kwake: "Leo amenung'unika." "Huyu amekosana na mwenzake." Daktari Haruni, mkuu wa kazi ile, alimkataza kuwapa wanyama majina, maana alitaka namba tu. Kwa hiyo Namba Kumi na Nne hakuwa na jina. Aliitwa Mheshimiwa.

Vizimba vilipopangwa, Daktari alimwomba Xaveri abaki wiki chache atengeneze rafu na mlango. Xaveri alikubali kwa kutikisa kichwa, akapanga chumba mtaa wa jirani. Ndipo Getruda alipomweleza kazi yenyewe, huku akimchomeka Namba Tatu sindano bila hata kuangalia.

"Iko hivi, fundi. Kuna dawa ya saratani, nyekundu kama juisi ya rozela. Saratani inaiua kweli. Lakini ikipita moyoni inaacha imekwangua. Mtu anapona uvimbe, baadaye anapanda ngazi tatu anatafuta pa kukaa. Daktari anatafuta kitu cha kuulinda moyo. Sasa hawa wa rafu ya juu wanachomwa maji ya chumvi tu. Wa katikati dawa nyekundu. Wa chini dawa nyekundu, na mchemsho wa majani juu yake."

"Majani gani?"

Lilikuwa neno lake la kwanza refu. Getruda akamgeukia.

"Kumbe unasema! Majani ni siri. Daktari hataki yajulikane. Lakini mimi nina pua, Xaveri. Ni yale tunayowapa mbuzi wakiharisha. Usimwambie, atasikitika."

Baadaye Daktari mwenyewe, mtu wa Tanga mwenye sweta mbili na roho nzuri, alimwonyesha Xaveri kwenye hadubini. Moyo wa simbilisi mzima, uliokatwa chembamba kama ganda la kitunguu, nyuzi zake zilipangana sawasawa kama ubao uliopigwa randa. Moyo uliopitiwa na dawa nyekundu ulikuwa na matundu na nyuzi zilizokatika.

"Unaonaje, fundi?"

"Bungua," alisema Xaveri, kama anayeona ubao ulioliwa na wadudu.

Daktari akaandika neno hilo kwenye karatasi yake, kwa sababu hakuwa na bora zaidi.

Ukaja mwezi wa sita. Anayeijua Njombe ya mwezi wa sita hahitaji kuelezwa: asubuhi viazi shambani vimeungua kwa barafu, na mtu akisema shikamoo, moshi unamtoka mdomoni. Chumba cha wanyama kilikuwa na hita ya umeme. Umeme ulikuwa unakatika. Sheria ya kwanza ukutani ilisema: Moto Hauruhusiwi Ndani. Getruda aliisoma kila siku kama anavyosoma tangazo la duka lililofungwa.

"Simbilisi bila jiko!" alisema. "Hata huyo aliyeandika hivyo alilelewa na nani? Xaveri, niletee mkaa."

Akaleta mkaa. Angemletea na kinu cha kusagia kama angeagiza. Kila siku saa kumi na moja jioni, Daktari akishaondoka, jiko liliingia likiwa jekundu, na asubuhi saa moja lilitoka na majivu, sakafu ikafagiwa, madirisha yakafunguliwa mpaka harufu yote ikatoka. Simbilisi walilala pande zote za joto, na Getruda akaandika daftarini: "Wamelala vizuri." Hilo alikuwa na hakika nalo.

Kisha Xaveri akamaliza mlango. Ulikuwa mlango! Kila fundi ana kazi moja anayotamani mtu fulani aione, na hiyo ndiyo ilikuwa yake. Alizungushia fremu mpira wa tairi la pikipiki, akapiga mbao juu kwenye dari palipokuwa na mwanya, akaziba pembeni mwa madirisha. Ukiufunga, ulitoa sauti ndogo ya *fu*, na mwali wa mshumaa uliowekwa nyuma yake haukutikisika.

"Hapa hata panya wa mtu mwingine hapiti," alisema Getruda, akaufungua na kuufunga mara tano. *Fu. Fu.* Xaveri aliishi kwa sauti hiyo siku tatu.

Jumapili moja mchana, ukungu ulikuwa mzito na umeme umekatika tangu alfajiri, Getruda akawasha jiko mapema, akamtania Xaveri kuhusu kofia yake ambayo hata mwenye shamba hangemvika sanamu wa kufukuza ndege, akaenda zake. Xaveri akabaki ndani akirekebisha komeo la kizimba. Haikupita saa, moyo ukaanza kumdunda kama mashine ya kusaga. Miguu ikawa ugali. Kichwa kikamkaza kama kimetiwa kwenye jiliwa la kubania mbao. Akatoka nje akashikilia mti, akatapika.

Akajieleza mwenyewe jambo hilo kwa njia iliyo rahisi. Nimempenda, alisema moyoni. Ndivyo inavyokuwa. Miaka yote ile alikuwa hajui kwa nini watu wanalalamika sana juu ya mapenzi, sasa akawaonea huruma.

Wiki ya tatu tangu mlango uwekwe, Daktari alichukua wawili kutoka kila rafu, akawalaza usingizi wa kutoamka. Siku hizo Getruda alikuwa akienda nje kufua makoti na kuimba kwa sauti kubwa mno. Baada ya siku chache Daktari akamwita.

"Bi Getruda, hawa wa rafu ya juu wamepata dawa."

"Hawajapata, Daktari."

"Nyuzi za moyo zimekatika. Maji ya chumvi hayakati nyuzi. Ulibadilisha mabomba ya sindano."

"Sikubadilisha."

"Moyo hausemi uongo."

"Na mimi sisemi, Daktari. Basi tuko wawili."

Daktari hakuwa mtu mbaya, na ndiyo maana lilimuuma. Miezi minane ya kazi ilikuwa inaanguka mbele ya macho yake. Alimpa mpaka Ijumaa. Akikubali kosa kwa maandishi, ataondoka kwa amani. Asipokubali, Daktari ataandika ofisini kwamba daftari lile ni la uongo, na mtu mwenye barua ya namna hiyo hapewi tena hata ufagio.

Getruda hakulia. Alilichukua daftari, akalifunga kwenye khanga kama mtoto mchanga, akakaa kwenye ngazi.

"Kufukuzwa si kitu," alimwambia Xaveri. "Nimefukuzwa na watu wenye heshima zaidi ya huyu. Lakini nimeandika kweli, siku mia moja na kumi na tatu. Hicho ndicho kitu pekee nilichowahi kuandika. Aseme mimi ni mbaya wa sura, nitampinga kidogo. Asiseme daftari linaongopa."

Usiku huo Xaveri hakupata usingizi. Akawa anawaza juu ya Jumapili ile, akilinganisha kama anavyolinganisha mbao mbili. Moyo kudunda, sawa, hayo ni mapenzi. Lakini kichwa kutiwa kwenye jiliwa? Na kutapika? Getruda amemcheka mara mia tangu siku ile, wakiwa uani, na moyo umedunda, lakini chai imekaa tumboni. Mapenzi hayatapishi, aliamua mwishowe, kwa masikitiko kidogo. Kilichotapisha kilikuwa ndani ya chumba. Na kilichoingia chumbani ni jiko. Na kilichokizuia kutoka ni mlango.

Alhamisi asubuhi alimfuata Getruda alipokuwa akikata majani.

"Getruda."

Hakuwahi kumtaja jina. Kisu kikasimama.

"Eh?"

"Jiko."

"Jiko limefanya nini?"

"Jumapili... kichwa."

"Kichwa cha nani?"

"Changu."

"Xaveri, mimi nafukuzwa kesho, wewe unaniletea kichwa chako?"

"Ni mkaa. Moyo wa wanyama... ni mkaa."

Getruda akamtazama kwa huruma, jambo lililomuumiza kuliko matusi. "Bibi yangu alifuga simbilisi arobaini kando ya moto, akafikisha miaka tisini. Simbilisi wake walikufa kwa kisu. Hakuna hata mmoja aliyekufa kwa moyo. Nenda kanywe chai."

Xaveri alitaka kumwambia kwamba jiko la bibi lilikuwa la nyasi, moshi unapita kila upande, na kwamba hakuna mtu Mlangali nzima aliyewahi kuwafungia simbilisi na mlango wa fundi. Yalikuwa maneno mengi. Yalimkwama kooni yote kwa pamoja, kama watu wanaogombania kutoka mlango mmoja.

Akaona kwamba kusema hataweza. Lakini kutengeneza, hapo hakuna wa kumshinda.

Ijumaa saa mbili asubuhi alihamishia vizimba vyote ukumbini, kila mnyama salama. Akawasha jiko, akangoja mkaa uive bila moshi hata kidogo, akaliingiza. Halafu akagonga ofisini.

"Daktari. Mlango una tatizo. Naomba ukae ndani usikilize."

"Nikae ndani nisikilize mlango?"

"Ndiyo."

Xaveri alikuwa anasema mara chache kiasi kwamba alichosema kilionekana lazima kiwe kweli. Daktari akachukua karatasi zake na kalamu, akaingia. *Fu.*

"Moto! Nani ameleta moto humu? Nilisema—" Lakini mikono yake, mikono ya Tanga, ilikuwa imeshalifikia jiko. "Basi. Kwa kuwa wanyama hawamo. Dakika chache tu."

Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaanza kuandika ile barua ya Getruda juu ya goti. Xaveri akajifanya anapima bawaba. Daktari, kwa joto lile, akachangamka, akasimulia habari za baharini, na samaki, na jinsi kwao watu wanavyolala bila shuka. Baadaye akapunguza kusimulia. Akapiga miayo. Akavua sweta moja. Akafuta neno, akaliandika, akalifuta tena. Akasugua paji la uso.

"Fundi, hili jambo la Bi Getruda limenivuruga. Hata kichwa kinaniuma."

"Pole, Daktari."

"Na moyo unakwenda mbio." Akashika kifundo cha mkono, akatazama saa, midomo ikihesabu. "Mia na kumi na nane! Nami nimekaa tu!"

Xaveri, ambaye kichwa chake mwenyewe kilikuwa kimeshaingia jiliwani, akaufungua mlango wake mzuri wazi kabisa, akamshika mkuu wa utafiti kwapani, akamtoa uani. Daktari aliegemea tangi la maji. Chai na chapati mbili zikarudi duniani.

Ndipo Xaveri akasema hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa.

"Daktari, hujachomwa dawa nyekundu. Umeota moto wa mkaa tu. Wewe ni wa rafu ya juu."

Ukungu ulipita kati yao. Daktari alinyanyua kichwa polepole, macho yakimtoka.

"Umenifanya simbilisi!"

"Samahani, Daktari."

"Jiko linaingia humu kila siku?"

"Kila jioni. Linalala. Mkaa ni wangu. Mlango ni wangu. Kosa ni langu."

"Mkaa ni wako tangu lini?" Getruda alikuwa ametokea kwenye kona, daftari kwapani, amekuja kupokea barua yake. "Usinichukulie kosa langu, Xaveri. Jiko ni langu, nimelinunua Mdandu. Amri ya moto nimeivunja mimi, kwa akili zangu timamu."

"Mlango ndio umewaumiza."

"Bila jiko mlango umuumize nani?"

"Bila mkaa jiko—"

"Nyamazeni nyote wawili," alisema Daktari, "kichwa kinanipasuka." Akakaa chini kwenye majani yenye umande, akaanza kucheka taratibu kama mtu anayekohoa. Kisha akawaeleza. Mkaa ukiwa umeiva unatoa hewa isiyoonekana wala kunuka. Hewa hiyo inakaa kwenye damu mahali pa hewa nzuri, damu inazunguka mikono mitupu, na moyo, ambao haupumziki hata dakika, ndio unaoumia mapema. Kama mnyama anaivuta kila siku usiku kucha, nyuzi zinakatika, bila dawa yoyote. "Na kama ungechelewa kuufungua mlango," alimwambia Xaveri, "ungetuzika, fundi. Usirudie kamwe."

Getruda alikuwa amekaa chini naye, mkono mdomoni. Hakufikiria barua tena. "Mheshimiwa," alisema. "Na wenzake. Nimewafanyia hivyo mimi, nikiandika wamelala vizuri." Na hapo, kwa mara ya kwanza, alilia. Xaveri alimpa kofia yake ajifute, maana hakuwa na leso.

Barua haikutumwa. Daktari alilipitia daftari siku mbili, ukurasa kwa ukurasa, na akakuta tarehe ambayo wanyama walianza kubadilika, wote, rafu zote tatu: asubuhi iliyofuata siku mlango ulipowekwa. Pembeni Getruda alikuwa ameandika, "Leo wamekuwa wazito, hata hawasemezani." Kazi ikaanza upya na simbilisi wapya, hita mbili na jenereta uani. Getruda alikemewa kwa maandishi kuhusu moto, mstari mmoja. Mistari kumi na saba iliyofuata ilimsifu kwamba hajawahi kuonekana mtunza wanyama aandikaye kweli namna ile hata pale kweli inapomgeukia. Barua hiyo ndiyo iliyosafiri. Ilifika Morogoro, kwenye banda kubwa la wanyama wa utafiti, na kazi ya Njombe ilipoisha wakamwita akawafundishe vijana wenye vyeti jinsi ya kushika daftari.

Kwa hiyo Xaveri alikuwa amemwokoa vizuri mno.

Alirudi Makambako, akaendelea na milango ya watu wengine. Siku Getruda alipopita kwenda Morogoro, basi lilisimama stendi kwa robo saa. Xaveri alitoka karakana mbio, vumbi la mbao kichwani. Hotuba alikuwa ameitengeneza majuma matatu akipiga randa. Ilikuwa na mwanzo, katikati na mwisho, na ilikuwa imelainika pande zote. Getruda alishuka kununua mahindi ya kuchoma, akasimama mbele yake akitafuna.

"Una neno, fundi?"

"Safari njema," alisema Xaveri.

"Hilo kondakta ameshaniambia. Lingine?"

Akafungua mdomo. Hotuba ikaja yote kwa pamoja, ikakwama. Honi ikapigwa. Getruda alingoja, akapandisha nyusi, akangoja tena, zaidi kidogo ya ilivyo adabu, kisha akapanda. Basi lilipoanza kurudi nyuma, akasukuma kioo cha dirisha, akatoa kichwa nje na gunzi mkononi.

"Xaveri! Ukimaliza kufikiri, panda linalofuata."